Mume Wangu, Fundi Mashuhuri wa Tukutuku

Kwanza zima hiyo injini. Siwezi kuongea na mtu ambaye pikipiki yake inanishinda kwa sauti. Na hiyo yako, kijana, isikudanganye kwamba inanguruma kwa sababu ina nguvu. Mnyororo umekazwa kupita kiasi na kizuia sauti kimetoboka. Zima, ukae hapo juu ya debe.

Siku hizi kila Jumamosi mnakuja kwangu hapa Free Area na vyuma mlivyovikuta kwa stoo za babu zenu. Tukutuku za Kiingereza, zile za zamani, kuku wametagia ndani ya taa na panya wamezaa chini ya kiti. Mnataka kuzifufua. Mnaniuliza, "Shosho, ulisomea wapi hii kazi?" Huwa nawajibu kwamba nilifundishwa na bwana yangu, marehemu Gathogo, baba yake Njeri. Wazee wengi wa Nakuru wakisikia hivyo wanatingisha vichwa, wanakubali kabisa. Gathogo alikuwa fundi mashuhuri. Kutoka Njoro mpaka Dundori walimjua.

Leo nimeamua kuwaambia ukweli, kwa sababu nimezeeka, na kwa sababu huu ukweli unachekesha, na sitaki kwenda nao kaburini.

Gathogo hakujua kufungua kitu chochote. Hata mfuniko wa soda alikuwa anaita mtu.

Kazi yake ilikuwa ng'ombe. Miaka hiyo ya mwanzo wa uhuru wazungu walikuwa wanauza mashamba na kwenda kwao, na watu wetu wakanunua kwa vikundi na kuanza kufuga ng'ombe wa maziwa. Kila mtu alitaka ndama wa gredi, wa damu ya kizungu, lakini dume mzuri hakuna. Kwa hivyo chama cha ushirika kikampeleka Gathogo kwa mafunzo, akarudi na koti jeupe, glavu ndefu ya mpira na chupa ya baridi iliyobeba mbegu za madume ambao sisi hatujawahi kuwaona. Ng'ombe akitaka dume, mwenye ng'ombe alituma habari, na Gathogo alienda. Wakubwa walimwita daktari. Watoto wa barabarani walimwita jina lingine, na mnaweza kulikisia. Akipita walipanga mstari kando ya barabara wakimlilia kama ng'ombe. Alikuwa anawapungia mkono. Bwana yangu hakuwa mtu wa hasira.

Sasa, ng'ombe hangoji. Akikutaka asubuhi, kesho yake amekusahau, na ukichelewa, mkulima anakaa wiki nyingi bila tumaini la ndama wala maziwa. Kwa hivyo chama kilimpa tukutuku. Ilikuwa imeachwa na mzungu mmoja wa upande wa Rongai, kitu cha silinda moja, kizito kama jiwe la kusagia, na kwa umri ilikuwa karibu kumzidi Gathogo. Gia ilikuwa mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume na hizi zenu. Mwenyekiti wa chama, Bwana Kirwa, mkulima mkubwa wa Lanet na mtu wa maneno machache, alimkabidhi na kumwambia mbele yangu, "Gathogo, siku hii kitu ikilala, na wewe umelala."

Ililala haraka sana. Ilikuwa Jumapili asubuhi, yeye amevaa suti, mimi nambeba Njeri. Gathogo alitaka kuipasha moto kabla ya kanisa, kwa sababu mchana angeenda Bahati. Akapiga kiki. Akapiga tena. Akapiga mpaka tai ikaenda mgongoni, kisha kiki ikamrudia kwenye muundi. Akasimama ameshika mguu, halafu akaniambia kwa upole, "Twende kanisani. Itakuwa sawa."

Nikamwambia mtoto ana joto, niende Jumapili ijayo. Mtoto hakuwa na joto lolote. Nilikuwa nimeangalia hiyo tukutuku tangu ifike, nikiosha vyombo, nikianua nguo, na kulikuwa na kifuniko kidogo kilichoshikwa na kijichuma kimoja tu, ambacho kilikuwa kinaniita. Alipotoka getini nikamlaza Njeri, nikakifungua.

Ndani kulikuwa na vidole viwili vidogo vya chuma, kimoja kinagusa kingine, na vyote vimeota weusi. Mimi sikujua hiyo inaitwa magneto, wala sikujua kwamba hapo ndipo moto huzaliwa. Nilichojua ni kwamba chuma kichafu huoshwa. Nikachukua kiberiti, nikakata ule upande wa kukwaruzia, nikaupitisha katikati ya vile vidole mpaka vikang'aa. Hata leo, ukikwama Mau Summit na huna msasa mdogo, fanya hivyo. Nikarudisha kifuniko. Nikapanda juu ya stuli, kwa sababu mimi ni mfupi, nikashuka juu ya kiki na uzito wangu wote.

Ikawaka. Nilishtuka hata nikasahau kuzima, na jirani akachungulia juu ya ua. Nikamwambia bwana yangu ndiye ameitengeneza kabla ya kanisa.

Huo ndio mwanzo. Huo uongo mdogo juu ya ua.

Gathogo aliporudi, akapiga kiki moja ya kukata tamaa, ikanguruma. Akaangalia mbinguni. "Nimeiombea sana," akasema, na akaenda Bahati. Jirani naye alimwambia mtu, na huyo mtu akamwambia mwingine kwenye foleni ya maziwa, na kufikia katikati ya wiki bwana yangu alikuwa ametengeneza magneto akiwa amevaa suti.

Mara ya pili ilikuwa kabureta, na hapo ndipo Gathogo alipojua. Tulikuwa tunakula ugali kutoka sahani moja, mkono wangu ukatokea kwenye mwanga, na kucha zote nyeusi. Nilikuwa nimezisugua kwa majivu bila weusi kutoka. Gathogo akaangalia mkono wangu. Akaangalia ugali. Akamega kutoka upande wake, akatafuna polepole, akasema, "Mboga ni tamu leo." Basi.

Kesho yake jioni alifika, akasimamisha tukutuku nje ya dirisha la jikoni, na akaanza kuiambia kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. "Wewe tukutuku, ukipanda Dundori unakohoa. Ukiwa kwenye tambarare uko sawa, lakini ukipanda unakohoa, na unatoa moshi mweusi." Mimi niko ndani nakata sukuma. Sikujibu, kwa sababu hakuwa ameniongelesha. Lakini nilisikia, na siku iliyofuata alipokuwa hayupo nikashusha sindano ya kabureta hatua moja, kwa sababu juu huko hewa ni nyembamba na petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Ikaacha kukohoa.

Mnashangaa kwa nini hatukuongea kama watu. Fikirieni. Ile ilikuwa mali ya chama. Mwanamke akionekana ameifungua, Gathogo anaenda nyumbani. Na wanaume wa pale kwenye kiwanda cha maziwa wangemcheka mpaka ahame Nakuru. Hiyo ndiyo sababu ambayo ningempa pasta. Ninyi nitawapa nyingine. Ilikuwa tamu. Mchana kutwa niko na siri yangu kwenye ua wa mabati, mikono ndani ya mafuta, na jioni mtu mzima anakuja kuhubiria chuma ili mimi nisikie. Tulikuwa tunacheka kila mtu upande wake wa ukuta.

Elimu nayo niliitafuta. Karibu na soko kulikuwa na gereji ya Kalasinga mmoja mzee, Gurdial, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa waya. Nilienda na kikapu kama mtu anayenunua nyanya.

"Bwana yangu amenituma," nikamwambia. "Anauliza, vali ikianza kulia tik tik tik, inakazwa vipi?"

Gurdial akaniangalia juu ya miwani. "Ambia bwana yako asikaze wakati injini iko moto. Ingoje ipoe. Halafu achukue wembe ya kunyoa, mpya, aingize hapo katikati. Wembe ikipita kwa shida kidogo, hapo hapo, afunge."

"Nitamwambia."

"Na ambia yeye," akaongeza, akirudi kwa kazi yake, "grisi hiyo yake inatoka na sukari na sabuni. Asugue hata chini ya kucha."

Nikaficha mikono ndani ya kikapu. Lakini nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara bwana yangu anauliza, na kila mara Gurdial anamjibu bwana yangu, huku akigeuza injini iliyo mezani ili mimi nione vizuri. Bwana yangu alifunzwa kukata gasketi kwa karatasi ngumu ya boksi, kwa kuilaza juu ya chuma na kuigonga pembeni na nyundo ndogo mpaka ijikate yenyewe. Alifunzwa kusafisha tangi lenye kutu kwa kokoto na kipande cha mnyororo na kulitikisa kama kibuyu cha maziwa ya mursik. Alifunzwa kuweka mpini wa mwiko kwenye injini na ncha yake kwenye sikio, asikie ni beringi gani inalia. Siku moja Gurdial alinipa spana aliyoikata mpini na kuilainisha kwa tupa, fupi, ya kuenea kwenye kiganja changu.

"Ya bwana yako," akasema. "Yeye ana mikono midogo sana."

Makosa pia nilifanya, msifikiri. Kuna nati ya bomba la moshi ambayo lazima uikaze mara ya pili injini ikiwa moto, na mimi sikujua. Gathogo alikuwa Subukia, katikati ya boma la mzee mmoja, mkono uko ndani ya ng'ombe, mtu akawasha tukutuku kumsaidia kuigeuza, na bomba lote likaruka. Mlipuko wake uliwatawanya ng'ombe na watu. Gathogo alivutwa na yule ng'ombe mpaka kwenye mahindi. Jioni alihutubia tukutuku muda mrefu kuliko kawaida.

Na mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Gilgil, akanikuta niko mbele ya jiko, sufuria kubwa inachemka. Alikuwa na njaa ya safari. Akafunua mfuniko. Ndani, kwenye mafuta mazito, kulikuwa na nusu ya tumbo la injini. Lile tumbo ni la aluminiamu, na ukitaka beringi mpya iingie bila kupasua kitu, lazima ulipashe moto litanuke, halafu beringi inazama yenyewe kama mtu anayeingia kitandani. Mama mkwe hakujua hayo.

"Hii ni nyama gani?" akauliza.

"Ni kazi ya Gathogo, mama. Ameniambia nimpashie."

Akarudisha mfuniko. "Huyo mtoto nimemzaa mimi," akasema. "Akiwa mdogo alikuwa akivaa viatu, namfungia kamba. Mpaka akaoa." Akavuta stuli, akakaa. "Haya, ikiiva uniite nikushikie upande ule mwingine." Na alinishikia, kwa leso yake.

Shida ya uongo mtamu ni kwamba unakua. Sifa za Gathogo zilienda mbali. Katekista akaleta tukutuku yake. Mwalimu mkuu wa shule akaleta. Gathogo angeweza kukataa, lakini mtu akisifiwa miaka kadhaa, mwisho huwa anakaa vizuri kwenye hizo sifa. Aliwaambia, "Iache hapa. Mimi hufanya kazi peke yangu, sipendi kuangaliwa." Hilo halikuwa uongo. Wakarudi, wakakuta imepona, wakamshika mkono. Alijifunza hata kujipaka oili kidogo kwenye shavu kabla hawajafika. Nilimwona kupitia dirishani akichagua shavu.

Halafu siku moja alikuja nyumbani na hakuihutubia tukutuku. Aliingia jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi, akavua kofia.

"Mwenyekiti ameniita," akasema.

"Kuna nini?"

"Chama kimenunua tukutuku zingine za mitumba. Wanataka fundi wao wenyewe, wa kudumu, pale ofisini, mbele ya watu. Wamenichagua mimi." Akazungusha kofia. "Kazi ya ng'ombe wamempa mpwa wa mwenyekiti. Ameshaanza. Koti langu wamempa."

Niliacha kukoroga. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunaongelea hiyo kitu uso kwa uso, na hakuna aliyekuwa anacheka.

"Ulimwambia nini?"

"Nilisema asante. Ningesema nini?" Kisha akasema jambo lililonichoma. "Wale ng'ombe wananijua. Yule wa Mzee Njuguna wa Dundori hasimami kwa mtu mwingine."

"Na mwenyekiti anataka uanze lini?"

"Kesho asubuhi anakuja hapa na tukutuku yake. Anasema kabla ya kuniandika rasmi anataka kuniona nikifanya kazi, kwa sababu katika Nakuru nzima hajapata mtu aliyewahi kuniona."

Kwa hivyo hapo ndipo tulipokuwa. Akishindwa, hana kazi ya tukutuku na hana kazi ya ng'ombe, na tulikuwa na watoto watatu sasa. Nilimfundisha jioni hiyo, plagi ni hii, kabureta ni hii, petroli inapita hapa. Alirudia kama mtoto anayejifunza katekisimu, na kila nikibadilisha mpangilio alikuwa anapotea.

Bwana Kirwa alifika baada ya chai ya asubuhi, wafanyakazi wake wawili wakisukuma tukutuku iliyokuwa imelala kwenye ghala lake chini ya magunia ya pareto. Kubwa, nyeusi, nzuri. Naona aibu kusema nilivyoipenda. Akawaambia wafanyakazi wangoje barabarani, akakaa kwenye kiti nilichomwekea, akapokea kikombe, akasema, "Endelea, fundi. Usinijali."

Gathogo akaizunguka. Akaizunguka tena. Akapiga tairi kwa mguu, kama anavyopima ng'ombe. Petroli tuliweka mpya, plagi aliitoa na kuisafisha vizuri kabisa, na mimi moyoni nikasema labda Mungu atapita hapa. Akapiga kiki. Injini ikatoa mlio mmoja mbaya, pah, kutoka kwa kabureta, na kiki ikajaribu kumvunja goti.

Mimi nilijua palepale. Petroli iko, moto uko, lakini moto unakuja wakati si wake. Nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Kuku wangu mmoja alikuwa anapita.

"Wewe kuku," nikasema, "kwa nini unatafuta hapo mbele? Chakula chako kiko nyuma ya silinda."

Mwenyekiti akageuka. "Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya debe, mwenyekiti."

Gathogo, masikini, akaenda nyuma ya silinda, lakini akashika bomba la petroli. Akalichomoa. Petroli ikamwagikia suruali.

"Si hapo," nikamwambia kuku. "Chini kidogo. Kwenye kifuniko cha duara."

"Mama Njeri," mwenyekiti akasema, "unaongea sana na huyu kuku."

"Ni mgeni hapa. Bado anajifunza."

Gathogo akafungua kifuniko cha duara, akaangalia ndani, na nikaona mabega yake yakishuka. Ilikuwa kama mtu amemfungulia kitabu cha Kichina. Akafunga. Akarudisha bomba. Akapanda juu, akapiga kiki kwa nguvu zake zote, kama mtu anayetaka kumaliza maneno, na tukutuku ikarudisha mateke na kumtupa. Alitua katikati ya kabichi zangu.

Mwenyekiti hakucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Aliweka kikombe chini na kusubiri.

Gathogo alikaa pale kwenye kabichi, petroli inanuka, jani moja begani. Alinitazama mimi, si mwenyekiti. Nilitingisha kichwa kumwambia hapana, usiseme, tutasema mgongo unauma, tutasema lolote. Sikuogopa kuchekwa. Niliogopa kupoteza ile kitu yetu ya ukutani, ambayo ilikuwa yangu na yake na ya mama mkwe na Gurdial tu.

Akainuka. Akajipangusa.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi ni mtu wa ng'ombe. Tangu mwanzo nilikuwa mtu wa ng'ombe. Hizi tukutuku zote, ya katekista, ya mwalimu, ile ya chama, fundi wake ni huyu aliyeshika ungo. Mimi nilikuwa nabeba sifa tu, na zimenilemea."

Bwana Kirwa akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka miguu.

"Ni kweli?"

Nikaweka ungo chini. "Mwenyekiti, una sigara?"

"Mwanamke anavuta?"

"Nataka ile karatasi yake nyembamba."

Akanipa pakiti nzima, nadhani kwa mshangao. Niliingia ndani nikatoa spana yangu na stiki ya baiskeli, ule waya wa gurudumu. Sikilizeni hapa vizuri, kwa sababu wengi wenu mnakimbilia kununua magneto nyingine na hii ya kwanza haina kosa. Kile kigurudumu kinachozungusha magneto kilikuwa kimelegea na kuteleza. Nikaingiza stiki kupitia tundu la plagi mpaka ikagusa pistoni. Nikamwambia Gathogo aweke gia ya juu na kuzungusha gurudumu la nyuma polepole, na hilo alilifanya vizuri sana, alikuwa na mkono mpole. Stiki ikapanda, ikapanda, ikasimama. Hapo ndipo juu kabisa. Nikamwambia arudi nyuma kidogo, unene wa kidole cha mtoto. Nikaweka karatasi ya sigara katikati ya vile vidole viwili vya magneto, nikawa naizungusha magneto huku naivuta karatasi kidogo, mpaka mahali ambapo karatasi iliniachilia. Hapo ndipo cheche inaruka. Nikakaza nati. Ukikosea hapo, kiki itakurudishia. Ukipatia, hata mtoto ataiwasha.

Nikarudisha plagi. Nikavuta stuli.

"Ngoja," mwenyekiti akasema. Alitaka kuipiga mwenyewe. Akapiga mara moja, na ile nyeusi ikashika, ikatulia, ikaanza kutembea mwendo wake, duf duf duf, mpaka vikombe kwenye trei vikawa vinagongana.

Aliinama akaisikiliza. Mwisho akasema, "Siwezi kumweka mwanamke awe fundi pale ofisini. Watanimaliza kwenye mkutano."

"Sikuomba ofisi," nikamwambia. "Zilete hapa. Hapa kuna jiko, kuna sufuria, na hakuna mtu wa kuniangalia. Na huyu umrudishie koti lake."

"Mpwa wangu ameshaanza."

"Wanawake wa foleni ya maziwa wanasema mpwa wako anaingia bomani nyuma ya mkulima. Wanasema jana ng'ombe alipogeuza kichwa, alipanda juu ya ua."

Gathogo akaangalia chini ili asionekane akicheka. Mwenyekiti hakuangalia chini. Mdomo wake ulitingishika mara moja, upande mmoja.

"Ni kweli alipanda," akasema. "Koti atalirudisha leo." Halafu akaiambia tukutuku, au mimi, sijui, "Lakini siwezi kujua imepona mpaka ijaribiwe barabarani."

Gathogo akanyoosha mkono kushika usukani. Mimi nilifika kwanza. Lazima muelewe, miaka yote hiyo nilikuwa nimewasha, nimezima, nimesukuma kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, lakini barabarani sikuwahi. Nilijua kila jino la gia ndani ya lile sanduku na sikujua upepo wake unakuwaje. Nikajifunga leso vizuri, nikakaa.

"Mpaka kona tu," mwenyekiti akasema. "Halafu urudi."

"Mpaka kona," nikakubali. "Baba Njeri, panda."

Akapanda nyuma, akanishika kiunoni, kitu ambacho wakati huo watu hawakufanya mbele ya watu. Nikavuta klachi, nikagonga gia, na tukatoka getini polepole, tukapita jirani aliyekuwa amepanda juu ya ua tena. Wafanyakazi wa mwenyekiti walisimama kando ya barabara wametoa kofia, sijui kwa nini. Tukafika kona. Nikaiangalia ile kona, nikaangalia barabara ya Nairobi, imenyooka kuelekea Lanet na Mbaruk, majani makavu pande zote mbili na mashamba ya mkonge kwa mbali. Nikaifungulia petroli.

Gathogo alianza kusema kitu. Kisha kofia yake ikang'oka, ile ya heshima, ya kuvaa kanisani, ikaruka juu ya ua wa mtu. Akanigonga begani. "Mama Njeri, kofia. Simama, kofia."

Nilimsikia vizuri sana. Lakini tulikuwa tunashuka kuelekea Elementaita, injini inapumua sawasawa, na nikamwambia upepo ni mwingi, aseme tena tukifika Gilgil.